Walimtazama Shetani, Hawakumwona Mtu

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaobeba bunduki na ninyi mnaokesha katika vituo vya polisi, leo napenda tuzungumze juu ya woga. Natambua kwamba neno hilo halitamkwi kwa wepesi kambini. Askari huulizwa habari za risasi, za viatu, za posho na za likizo. Habari za woga haulizwi, na akiulizwa hutoa jibu lile lile alilofundishwa tangu alipokuwa kuruta. Hata hivyo woga una kanuni zake, kama vile bunduki ilivyo na kanuni zake, na mtu asiyezijua huwa chombo mikononi mwa yule anayezijua. Mfano nitakaoutumia hautoki vitani. Unatoka katika filamu moja ya zamani ya Marekani ambayo wengi wenu mmeisikia na baadhi yenu mmeiona, nayo ni The Exorcist, yaani mpunga pepo.

Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa huko Marekani tarehe 26 Desemba 1973, siku moja baada ya Krismasi, katika majumba machache tu ya sinema. Aliyeiongoza ni William Friedkin, ambaye alikuwa amekwisha kujipatia tuzo ya Oscar kwa filamu ya The French Connection, inayohusu makachero wa New York waliowasaka wauza heroini. Aliyeitunga ni William Peter Blatty, mwana wa wahamiaji kutoka Lebanoni, ambaye mwaka 1971 alichapisha riwaya yenye jina hilo hilo. Mbegu ya hadithi aliipata akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, pale gazeti la Washington Post lilipoandika, mwezi Agosti 1949, habari za mvulana wa jimbo la Maryland aliyesemekana kutolewa pepo na mapadre.

Katika filamu mvulana amegeuzwa kuwa msichana wa miaka 12, Regan, anayeishi Georgetown na mama yake ambaye ni mwigizaji mashuhuri. Kitanda cha mtoto kinatikisika pasipo mtu kukigusa, sauti yake inabadilika, maneno machafu yanamtoka. Madaktari wanampima hadi wanachoka, kisha wao wenyewe wanamshauri mama, ambaye hana dini, amtafute padre. Wakati huo mtu mmoja amekwisha kufa kwa kuanguka kutoka dirisha la chumba cha mtoto mpaka chini ya ngazi ndefu iliyo kando ya nyumba, na kwa sababu hiyo kachero naye anabisha hodi. Hao ndio wahusika: mama, mtoto, madaktari, mapadre wawili na polisi mmoja.

Sasa tutazame yaliyowapata watazamaji. Watu walipanga foleni katika baridi kali ya majira yale, wengine kwa saa nyingi, na tikiti zilipokwisha wakasukumana milangoni. Ndani ya majumba walizirai, walitapika, walikimbilia nje wakiwa wamefunika nyuso. Filamu ilipofika Uingereza mwaka 1974, watu wa huduma ya kwanza wa St John Ambulance walisimama tayari katika baadhi ya majumba ya sinema kuwapokea walioanguka. Msichana Linda Blair, aliyecheza nafasi ya Regan na ambaye hakuwa amefikisha miaka 15, alitishiwa kuuawa, na kampuni ya filamu ikalazimika kumwekea walinzi. Mwaka 1975 daktari mmoja wa magonjwa ya akili aliandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wanne ambao shida zao zilizuka baada ya kuitazama filamu hiyo.

Wahakiki nao waligawanyika. Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota nne, ambazo ndizo nyingi kabisa alizokuwa nazo. Pauline Kael wa jarida la The New Yorker aliikemea vikali. Chama cha Oscar kiliiteua mara kumi, ikiwa ni pamoja na nafasi ya filamu bora ya mwaka, heshima ambayo filamu ya kutisha haikuwa imepata kupewa. Mwishowe ilitwaa tuzo mbili: ya mchezo ulioandikwa kutokana na kitabu, na ya sauti. Nawaomba muishike hiyo ya pili, maana tutairudia.

Watu wengi husema kwamba watazamaji wale waliogopa kwa kuwa walimwona shetani. Mimi sikubali. Sibishani hapa juu ya kuwako kwa shetani, jambo ambalo lina wenyewe, shehe na padre, na isitoshe mapadre halisi wa Shirika la Yesu walishauri utengenezaji wa filamu hiyo na wengine wao waliigiza humo. Hoja yangu ni nyepesi kuliko hiyo. Nasema kwamba woga ule ulitengenezwa na vitu vinavyofahamika, na kwamba askari anavifahamu kuliko mtu mwingine yeyote, ijapokuwa huenda hajapata kuvipa majina.

Cha kwanza ni uvumi. Mtu aliyesimama foleni ile kwa saa tatu alikuwa amekwisha kusoma gazetini kwamba wenzake walizirai. Aliwaona kwa macho yake waliotoka onyesho la kabla yake, nyuso zimewapauka. Alimsikia jirani yake akisimulia habari za binamu ambaye hakulala siku mbili. Basi alipokaa kitini na taa zikazimwa, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa, na Friedkin alibakiwa na nusu nyingine tu. Kila kambi ninayoijua ina lindo moja ambalo kuruta huambiwa habari zake kabla hajapelekwa: kwamba pale alipata kufa mtu, kwamba usiku husikika nyayo. Kuruta hufika hapo akiwa na torchi, bunduki na masikio makubwa, na kabla ya saa nane ya usiku nyayo amezisikia. Hakudanganya. Amezisikia kweli.

Uvumi ule ulikwenda mbali zaidi, ukasema kwamba filamu yenyewe ina laana. Ni kweli kwamba moto uliunguza sehemu ya nyumba ya bandia iliyojengwa kwa ajili ya kupigia picha. Ni kweli pia kwamba mwigizaji Jack MacGowran alifariki mwezi Januari 1973, kabla ya filamu kukamilika. Lakini kazi ile ilichukua zaidi ya siku 200, ikiwa na mamia ya watu pamoja na jamaa zao. Kachero mwema anayeletewa orodha ya misiba huuliza kwanza orodha hiyo imetolewa katika watu wangapi, na kwa muda gani. Katika kikosi chochote cha ukubwa huo, kwa muda huo, misiba haikosekani, wala hakuna anayesema kikosi kimelaaniwa.

Cha pili ni sauti, na hapa ndipo Friedkin alipokuwa fundi hasa. Sauti ya pepo haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya Mercedes McCambridge, mwigizaji wa zamani wa redio aliyepata kutuzwa Oscar yeye mwenyewe, ambaye ili kuiharibu sauti yake alimeza mayai mabichi, akavuta sigara mfululizo, akanywa wiski, akaomba afungwe kwenye kiti wakati wa kunena. Jina lake halikutajwa filamu ilipoanza kuonyeshwa, naye akadai haki yake hadharani hadi likawekwa. Sauti ya shingo inayogeuka nyuma, ile iliyowafanya watu washike shingo zao wenyewe, ilikuwa ya pochi kuukuu ya ngozi iliyopindwa karibu na kipaza sauti. Kelele za nguruwe zilichanganywa humo, na mvumo wa nyuki. Mle chumbani mwa mtoto waliweka mitambo ya kupoza hewa mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana kama moshi, na mara nyingine mwongozaji alifyatua bunduki ghafula ili mwigizaji ashtuke kweli mbele ya kamera. Msomaji wangu askari atacheka hapo, maana anajua kwamba mlio usiotarajiwa humshtua hata mzee wa vita vitatu.

Yafaa mjue pia kwamba Blatty, kabla ya kuwa mwandishi, alitumikia Jeshi la Anga la Marekani katika idara ya vita vya kisaikolojia. Sisemi kwamba riwaya yake ilitokana na kazi hiyo. Nasema tu kwamba maarifa ni ya nyumba moja. Miaka michache kabla ya filamu, jeshi la nchi yake lilikuwa likitumia huko Vietnam kanda za sauti zilizopewa jina la Roho Inayotangatanga. Wenyeji wa huko waliamini kwamba mtu aliyekufa mbali na kwao na asizikwe ipasavyo hutangatanga bila kupumzika. Basi Wamarekani walirekodi vilio, nyimbo za maziko na sauti za “wafu” wakiwasihi wenzao warudi nyumbani, wakazipiga usiku kwa vipaza sauti kutoka kwenye helikopta. Mara nyingine walichopata ni risasi kutoka chini. Hata hivyo aliyebuni jambo lile alijua anachokifanya. Macho mtu aweza kuyafumba, na adui aweza kumpa kisogo, lakini masikio hayana kope.

Asiyesadiki na afanye jaribio. Atafute filamu hiyo, afike mahali pa kutisha kabisa, kisha azime sauti. Atamwona msichana aliyepakwa rangi usoni, na watu wazima wawili waliovaa mavazi ya kanisa wakisoma kitabu katika chumba chenye baridi. Huenda hata atasikitika badala ya kuogopa, na nadhani kusikitika ndiko hasa kulikostahili, kwa kuwa hadithi yenyewe, mtu akiondoa makelele, ni ya mama ambaye mtoto wake anaugua na hakuna anayejua dawa.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Niliiona filamu hii kwa mara ya kwanza kambini, zamani kidogo, katika kantini, kwenye televisheni iliyotegemea jenereta la kukohoakohoa. Tulikuwa wengi tukikaa juu ya masanduku. Miongoni mwetu alikuwamo sajini mmoja aliyesifika kwa ushujaa, na sifa hiyo aliistahili. Pepo aliponguruma yeye alicheka. Kitanda kiliporuka akauliza fundi wake ni nani. Ndipo ikaja sehemu ya hospitali. Regan analazwa juu ya meza, sindano inachomwa kwenye mshipa wa shingo, damu inaruka, na mashine ya eksirei inagonga kwa kishindo huku mtoto akikunja uso kwa maumivu. Sajini akasimama, akasema anakwenda kukagua lindo. Hakurudi. Asubuhi hakuna aliyemtania, nadhani kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa ametazama pembeni wakati ule ule.

Baadaye nilisoma kwamba haya hayakutupata sisi peke yetu. Friedkin mwenyewe alipata kueleza kwamba sehemu iliyowasumbua watazamaji kupita zote ni ile ya hospitali. Tazameni basi ajabu hiyo. Magazeti yaliandika shetani, wahubiri walinena shetani, foleni ilikuja kumwona shetani, na kilichowaangusha watu wengi sakafuni ni sindano, mikono ya madaktari na damu ya mtoto. Vitu ambavyo vipo katika kila hospitali na ambavyo havikuhitaji pepo hata mmoja.

Na humo humo katika chumba cha eksirei yumo mtu mmoja ambaye polisi wangepaswa kumfahamu. Ni kijana mwenye ndevu, anayemwandaa msichana kwa sauti ya upole na kumweleza atakachokisikia mwilini. Hakuwa mwigizaji. Friedkin alitaka sehemu ile iwe ya kweli, kwa hiyo aliwatumia wataalamu halisi wa hospitali moja ya New York, na huyu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1977 mwandishi wa habari za sinema alikutwa ameuawa nyumbani kwake katika jiji hilo. Mwandishi mwingine alipochapisha makala juu ya kifo hicho, alipigiwa simu na mtu ambaye hakutaja jina, akakiri kwamba ndiye aliyeua. Haukupita muda mrefu polisi wakamkamata yule mtaalamu wa eksirei. Mwaka 1979 alitiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka isiyopungua 20. Friedkin alikwenda kumtazama gerezani, na mwaka 1980 akatoa filamu nyingine ya mambo ya polisi, Cruising, ambayo kwa sehemu ilitokana na habari hizo.

Sitaki nieleweke vibaya. Mtazamaji wa mwaka 1973 hakuwa na njia ya kuyajua hayo, wala mtu yule hakuwa ameua wakati huo. Hata hivyo kila ninapoiona sehemu ile nafikiri jambo lile lile. Ukumbi mzima umekaza macho kwa msichana, ukingojea uovu ujitokeze na macho ya manjano na sauti ya kunguruma, kama ulivyoahidiwa na magazeti. Mtu ambaye miaka minne baadaye atamwua mwenziwe amesimama pale pale kwenye mwanga, amevaa koti jeupe, anasema kwa adabu, na watu wanashukuru kwamba angalau yeye ni mpole kwa mtoto.

Polisi wetu wanajua gharama ya kuutafuta uovu kwa sura yake ya kutisha. Wameitwa usiku mahali ambapo umati umeizingira nyumba ya kikongwe, mwanamke ambaye kosa lake ni kuwa na macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, na mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Umati ule haukuwa wa watu wabaya. Walikuwa katika foleni ya namna yao, wamekwisha ambiwa watakachokiona, na sasa wanakiona. Polisi akifika naye ameambiwa yale yale njiani, na akayasadiki, basi kikongwe hana mtetezi duniani.

Juu ya kupiga marufuku nina la kusema kidogo. Mjini Washington wakuu waliamuru kwamba vijana wa chini ya miaka 17 wasiingie kabisa, hata wakiongozana na wazazi, ingawa daraja lililowekwa na wenye filamu liliwaruhusu. Nawaunga mkono, mtoto hana ngao ya kujikingia mambo kama hayo. Lakini huko Uingereza baadhi ya halmashauri za miji ziliizuia hata kwa watu wazima, na matokeo yake ni kwamba mabasi yalikodiwa kuwachukua wananchi mpaka miji ya jirani ambako filamu ilionyeshwa. Fikirini mtu aliyekaa ndani ya basi lile, na yaliyokuwa yakizungumzwa njiani! Baadaye, chini ya sheria ya video ya mwaka 1984, kanda za filamu hiyo hazikupata kibali cha kuuzwa huko kwa miaka mingi. Zilirudi kihalali mwaka 1999, na waliozinunua wakakuta filamu ya zamani, iliyotengenezwa vizuri, ambayo vijana wao waliitazama huku wakila. Wakati wote wa marufuku sifa zake zilikuwa zimekua, maana jambo lisiloonekana halina wa kulipima.

Kuna mtu mmoja katika filamu hiyo ambaye hakuzungumzwa sana katika vurugu zile, naye ni yule kachero, Luteni Kinderman, aliyechezwa na Lee J. Cobb. Ndiye ninayempenda kuliko wote. Ni mzee mnene, mwenye koti lililokunjamana, asiyepaaza sauti hata mara moja. Chini ya ngazi ile mtu amekufa, kichwa chake kimegeuzwa nyuma, na minong’ono imekwisha kuanza. Yeye anainama, anaokota kipande cha udongo uliofinyangwa, anakitia mfukoni. Anaketi na mama wa Regan, anakunywa kahawa yake, anauliza maswali ya kawaida: dirisha lilikuwa wazi? Nani alikuwamo chumbani? Anaaga, kisha anageuka na kumwomba mwigizaji huyo saini, akisema ni ya binti yake. Halafu kwa haya anakiri kwamba amedanganya, ni yake mwenyewe. Hakuna jambo la kutisha katika maneno yake yote, na ndiyo sababu nikikaa naye mle sebuleni napata pumzi, nikijua kwamba ndani ya nyumba ile yumo angalau mtu mmoja anayetazama kilichopo.

Anajua ameona mambo yasiyoingia katika taarifa ya polisi. Hayaandiki kwa nguvu, wala hayakanushi. Anaendelea na kazi.

Filamu ilipotolewa mwaka 1973 Friedkin alikuwa amekata sehemu moja ya mwisho ambayo Blatty aliitaka sana, na marafiki hao walibishana juu yake kwa miaka mingi. Mwaka 2000 filamu ilionyeshwa upya, nayo ikarudishwa. Mapadre wawili wamekwisha kufa, mama na mtoto wanahama, nyumba inafungwa. Kinderman amechelewa kufika. Anamkuta padre Dyer, rafiki wa marehemu, amesimama peke yake karibu na ngazi. Mzee yule angeweza kumwuliza habari za shetani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kuulizwa. Badala yake anamwuliza kama anapenda kwenda sinema, kwa sababu anazo tikiti, na wawili hao wanaondoka polepole wakizungumza juu ya filamu nyingine kabisa.